Kompyuta Iliyotandikiwa Kanga

Kila siku akitoka shule, Ziada alipitia dukani kwa shangazi yake Saada, mjini Singida, mahali wanapochapa barua za watu. Alifuta vumbi, akapanga karatasi, kisha akakaa kwenye stuli, kimya. Alikuwa na aibu sana. Hata shikamoo yake ilitoka ndogo, wateja wakamtania, "Wewe mtoto, sauti umeiacha shule?"

Siku hiyo alimkuta Mama Martha, mkulima wa alizeti kutoka Ilongero, na binti yake wa miaka minane. Martha alikuwa hasikii tangu kuzaliwa. Mwalimu mkuu wa shule ya watoto wasiosikia alikuwa mjini siku ile moja tu, akipokea barua za wazazi wanaowaombea watoto nafasi, mpaka saa kumi. Mama Martha alisema, shangazi akachapa.

"Andika hivi: huyu mtoto anajua kukamua ng'ombe kwa kutazama tu. Hajafundishwa na mtu. Sasa akifundishwa je?"

Ukurasa wa pili ulipokaribia kuisha, shangazi aligundua karatasi za kuchapia zimekwisha. Akajitanda mtandio.

"Ziada, nakimbia kununua karatasi. Umeme ukikatika, ilaze kompyuta haraka. Usisubiri."

"Haya, shangazi."

Ziada hakuelewa. Ailaze vipi? Lakini kuuliza mbele ya mgeni aliona haya.

Shangazi hajafika mbali, umeme ukakatika. Kisanduku cha betri chini ya meza, kinachoipa kompyuta umeme wa dakika chache, kikaanza kulia, pii, pii. Ziada akaruka. Ilaze! Akalishika sanduku la kompyuta lililosimama sakafuni, akalilaza taratibu kwa ubavu, juu ya kanga iliyokunjwa. Martha akachuchumaa, akalipigapiga kama mtu anayebembeleza mtoto.

Kisanduku kikalia mfululizo, kisha kikanyamaza. Kioo kikawa cheusi.

"Imelala?" akauliza Mama Martha.

"Imelala, mama."

Shangazi aliporudi, umeme nao ukarudi. Akapapasa chini ya meza, akawasha. Akatafuta barua, akatafuta tena. Haikuwepo.

"Ziada, si uliilaza?"

Mama Martha alisimama, mkono kifuani. "Barua yangu imepotea? Maneno yale sijui kama nitayapata tena."

Ziada akatazama kisanduku cha betri. Kilikuwa kizee, kila mtu alijua. Angesema kimekufa ghafla, nani angebisha? Lakini Martha alikuwa anamtazama usoni, anatabasamu.

"Niliilaza chini," akasema, machozi yakimlengalenga. "Kwa ubavu. Sikuelewa, nikaogopa kuuliza. Nisamehe, mama."

Shangazi akainama chini ya meza, akaiona kanga. Akacheka mpaka akajifuta macho. "Jamani, mwanangu! Na kitanda ukaitandikia!" Kisha akamvuta karibu. "Na mimi nina kosa. Nilitakiwa nihifadhi kila ukurasa, tena nikuonyeshe. Sikiliza. Kompyuta ikiwa macho, kazi yote imetandazwa kama juu ya meza, na meza hiyo inashikiliwa na umeme. Umeme ukikatika, vyote vinamwagika. Kuilaza ni kuiambia ikusanye vilivyo mezani, ivitie kwenye diski, lile sanduku lake la ndani, vilevile vilivyo, hata neno lililofika nusu. Ikimaliza inajizima yenyewe. Hapo hata ukichomoa waya, hakipotei kitu. Ukiiwasha, inavitandaza upya."

Saa nane na nusu. Wakaanza tena. Mama Martha akakwama kwenye mstari wa tatu, akashika kichwa.

"Ulisema, usiku hulala ameshika mkono wako, ili ajue uko," Ziada akasema. Alikuwa amesikiliza neno kwa neno. Mama Martha akamtazama, akaendelea.

Katikati ya ukurasa wa pili, giza. Pii, pii.

Shangazi akafungua vitufe viwili kwenye kioo, akainua mikono. "Haya, ilaze wewe."

"Ni hiki cha juu au cha chini, shangazi?"

"Cha chini. Cha juu ni kusinzia tu, vitu vinabaki mezani na bado inakula umeme."

Ziada akabonyeza. Mstari wa kuonyesha kazi inavyohifadhiwa ukatambaa polepole kwenye kioo, wote wakiukodolea macho. Ukafika mwisho. Kompyuta ikajizima. Muda mfupi baadaye kisanduku nacho kikazimika.

Umeme ulirudi saa tisa na dakika ishirini. Wakaiwasha, barua ikajitandaza yote, ikiwa imeishia pale pale: *anajua kukamua ng'ombe kwa kuta*. Shangazi akamalizia, akaitoa kwenye karatasi, na Mama Martha akatoka mbio, amemshika mtoto mkono.

Walirudi saa kumi na robo. "Amepokelewa!" alilia mama. "Januari anaanza!"

Walipobaki wawili, shangazi alisema, "Ungenidanganya betri imekufa, ningekuamini. Ningeenda kumtafuta fundi, na saa kumi ingetukuta bila barua. Ulisema kweli mapema, tukapata muda. Ila neno usipolielewa, niulize palepale, hata wakiwepo wageni. Kuuliza si aibu."

Ziada akafikiri kidogo. "Shangazi, hivi ikilala, inaota?"

Shangazi akacheka. "Hilo silijui. Kesho tumuulize fundi."