Ukimpata Mshonaji

Fundi wa maji alimkuta mshonaji ana pini mdomoni, chumba kimejaa wanawake waliokuja kupimwa magauni ya harusi. Fundi mwenyewe kijana wa ovaroli la buluu, ananukia sabuni.

"Hodi, dada zangu. Nafunga mita mpya za maji. Zinajisoma zenyewe, habari unazipata kwenye simu."

"Na saa ya kuoga kwangu zitaisoma?" akadakia shangazi wa mshonaji. "Hatutaki mpelelezi bombani!"

Wakaangua kicheko. Mshonaji akatema pini kiganjani.

"Kitendawili!"

"Tega."

"Mgeni wangu hanywi, lakini anajua nilichokunywa."

"Mita hiyo."

"Umetegua. Haya, nimkaribishie nini?"

"Bomba likivuja, simu itakuamsha kabla satini zako hazijaloa."

Akakubali. Wiki haikuisha, milango mingine ya jengo lile ikaanza kuuliza: "Mshonaji kaweka? Basi niwekee na mimi."

Fundi naye hakukauka pale, na simu haikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Acha kunisoma kama mita!"

Siku moja, akipanda ngazi na mzigo wa vitambaa, mshonaji akamsikia fundi mwingine akimwambia yule kijana wa mita, "Mjanja wewe! Ukimpata mshonaji, umelipata jengo zima." Na mpenzi wake akacheka.

Kicheko kile kikamchoma. Simu ikaita, ikaita, hadi akapokea.

"Jengo umeshalimaliza. Wanitakia nini tena?"

"Kweli, mara ya kwanza nilikuja kwa kuwa wote wanakusikiliza wewe. Mara ya pili nilikuja bila mita."

"Maneno matamu hata kasuku anayo."

Asubuhi fundi akaja na spana, majirani wamejaa varandani.

"Naing'oa ya kwako. Wakiona umeitoa, watazitoa wote."

"Na kazi yako, baba?" akauliza shangazi.

"Iende. Ila asiseme nilimpenda kwa ajili ya mita."

Mshonaji hakumzuia. Alikunja mikono, akakodoa macho, maana moyo ulioumwa hauamini nusu ya kazi. Nati ya kwanza ikatoka. Ya pili. Kijana akaibeba mita mkononi, jasho linamtiririka, akaigeukia ngazi.

"Irudishe," mshonaji akasema. "Mita sina ugomvi nayo, niliitaka mwenyewe. Niliyemshuku ni wewe."

"Na sasa?"

Akavuta futi yake shingoni.

"Sasa simama wima nikupime. Mwanamume wangu hanioi akiwa na ovaroli."