Zima Sauti Kwanza

Mwalimu Bernadeti Lucero alikuwa jikoni kwake, mjini Albuquerque, Marekani, akimenya pilipili za kuchoma. Mumewe Eloy alikuwa sebuleni akitazama filamu ya wanafunzi wa mkewe. Kutazama ni kusema tu. Alikuwa anakoroma mpaka pazia linacheza.

"Eloy! Filamu yenyewe ni dakika tano!"

"Nimeiona yote," alijibu Eloy, macho bado ameyafumba. "Nzuri sana."

Bernadeti hakucheka. Mkuu wa shule, Bwana Haskett, alikuwa amebandika tangazo kwenye mlango wa darasa lake: somo la filamu litafutwa. Alikubali jambo moja tu, aje Ijumaa aone filamu hiyo, ndipo aamue kabisa.

Mara jirani yao Socorro akaingia na sahani ya tamale za moto, unga wa mahindi uliopikwa ndani ya maganda yake. Socorro ni mhariri wa filamu. Kazi yake ni kukata picha na kuziunga mpaka ziwe hadithi. Miaka yote ya ujirani wao, Bernadeti alikuwa akienda kwake kuazima sufuria tu. Mtu anaishi kando ya kisima, anakufa na kiu!

"Hebu niione," alisema Socorro. Akachukua rimoti, akazima sauti.

"Jirani, mbona unazima? Maneno yote yamo humo!"

"Ndiyo maana nazima. Kazini kwetu tunatazama kimya kwanza. Haya, niambie kinachotokea."

Bernadeti akakodoa macho. Baba na binti wamekaa mezani. Vinywa vinafunguka, vinafungika.

"Wanatafuna hewa," alikiri.

"Basi hadithi iko mdomoni, haijafika kwenye picha. Kesho nipeleke darasani."

Kesho yake Socorro alikaa katikati ya wanafunzi. Itzel, aliyetunga hadithi ile, alinuna.

"Sasa watu watajuaje kwamba baba anaenda kazini mbali, na binti atamkumbuka? Si lazima aseme?"

"Baba yako mwenyewe akiwa safarini, mwanangu, nyumbani kwenu unaona nini?"

Itzel alifikiri. "Kikombe chake. Mama anakiosha kila asubuhi. Na hakuna anayekinywea."

Socorro akamsogezea karatasi.

"Chora hicho," alisema Socorro.

Akawaonyesha namna ya kugawa karatasi vyumba vidogo, kila chumba picha moja. Kikombe. Mkono unakiosha. Kiti kitupu. Walichora kwanza, ndipo wakashika kamera.

Ijumaa ikafika. Bwana Haskett alikaa mbele darasani, macho kwenye simu. Eloy naye alikuja, tena na mto wake kabisa, hana haya!

Filamu mpya ikaanza. Hakuna aliyesema neno humo. Binti anaosha kikombe, anakirudisha kabatini. Kesho yake anakiosha tena, anakirudisha. Asubuhi moja anafungua kabati, kikombe hakipo. Anageuka. Kiko mezani, kimejaa kahawa, kinafuka moshi. Basi.

Taa zikawashwa. Eloy alikuwa anafutia macho ule mto.

Bwana Haskett alitia simu mfukoni. Akainuka taratibu, akaenda mlangoni, akabandua lile tangazo. Akalikunjakunja, akalitupa kwenye pipa la taka. Kisha akarudi kukaa, akaelekeza kidole kwenye rimoti ili waianze filamu upya.

Hakusema hata neno moja. Mimi nami siongezi.