Leseni ya Mikono Arobaini na Mmoja

Mtoto alisimama ndani ya duara lililochorwa sakafuni, akanyoosha mikono kama alivyoambiwa. Shonanuru ikampitishia mwanga wa samawati kuanzia utosini hadi kisiginoni, na kabla hajapepesa macho mara mbili ilikuwa imeshamjua: mabega, kifua, urefu wa mkono. Mashine hiyo haikuwa na sindano wala uzi. Iliunganisha kitambaa kwa mwanga, ukingo kwa ukingo, mpaka usione vipande vilipokutana. Kanzu ya mtoto wa miaka saba iliichukua dakika nne.

Ilikuwa tarehe ishirini na sita ya Ramadhani, mwaka 2088, mjini Tabora. Kwenye ukumbi wa nyumba ya Bi Mwajabu binti Mrisho wanawake walikuwa wamekaa mkekani wakingoja zamu. Ndiyo desturi ya mtaa ule: kila Ramadhani huwashonea mayatima nguo za Idi, na kila mwanamke lazima ashone walau moja kwa mkono wake mwenyewe. Kuchanga tu hakutoshi. Thawabu ya mshono haipokelewi kwa niaba.

Zamu ilikuwa ya Kalunde, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alikaa, akasema Bismillahi, akaweka kitambaa. Mkono wa kwanza wa kanzu ulitoka vizuri. Wa pili ulifika nusu, mwanga ukazimika.

"Samahani, mtumiaji," mashine ilisema kwa sauti ya upole. "Leseni ya mashine hii ni ya mtu mmoja. Watumiaji waliotambuliwa ni arobaini na mmoja. Uwezesho umesitishwa."

Kalunde akageuka. "Mtumiaji ndiye nani? Mimi nina jina langu."

"Labda umeikalia vibaya," mmoja akasema kutoka mkekani. "Na hayo makalio."

Wakacheka, lakini Bi Mwajabu hakucheka. Alikuwa anatazama zile nguo. Sitini zilihitajika. Zilizokamilika zilikuwa ishirini na mbili.

Jioni ile, baada ya futari, Kalunde alijaribu kumalizia ule mkono kwa sindano ya kawaida. Kitambaa cha siku hizi hakikubali tundu; sindano ikiingia, tundu linatanuka lenyewe kama soksi iliyopasuka. Akakiweka chini. Mashine nyingine mjini zilikuwepo, lakini kila moja ilifungwa kwa mwenye nayo, na kushona nguo ya mtu asiye wa nyumba yake ni kuvunja leseni.

Kampuni ya Uzimwanga ilimtuma mhandisi kesho yake. Alikuwa dada wa makamo aitwaye Dativa Rweyongeza, mwenye suruali ya kazi na maneno machache. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaunganisha kibao chake na mashine, akasoma.

"Mama, ufunguo wa sauti wa mashine hii ni neno gani?"

"Marehemu mume wangu ndiye aliyeiwezesha. Ni Bismillahi."

Dativa aliinua macho. Mashine hizi, siku ya kununuliwa, humtaka mnunuzi atamke neno moja litakalokuwa ufunguo. Watu wengi husema jina la utani, au la kijiji chao. Mzee Kapaya, mume wa Bi Mwajabu, alisema neno ambalo kila mwanamke wa mtaa ule hulitanguliza kabla ya kugusa kazi yoyote, iwe chungu, iwe jembe. Basi kwa miaka tisa shonanuru ilimfungukia kila aliyeketi mbele yake, na hakuna aliyejua kwamba anafungua kitu.

"Zamani mashine haikuhesabu sauti," Dativa alieleza. "Sasisho la mwezi uliopita ndilo limeifundisha. Jana limemaliza kuzihesabu zote tangu mwanzo, likakuta arobaini na moja."

"Na hilo sasisho nani aliliruhusu kuingia nyumbani kwangu?"

"Linaingia lenyewe, mama. Leseni inaruhusu."

Akamweleza njia iliyopo. Kampuni ingeifungua mashine siku hiyo hiyo kama Bi Mwajabu angewataja wale arobaini kwa majina, waandikwe kwenye orodha ya wavunja leseni. Aliyemo kwenye orodha ile hauziwi chochote cha kampuni, si cherehani, si jokofu, wala dawa za kipulizio cha mtoto mwenye pumu.

Kalunde alikuwa amesimama mlangoni. Mjukuu wake alikuwa na pumu.

"Sitamtaja mtu," Bi Mwajabu alisema. "Walikuja kwa kheri, nami ndiye niliyewaita. Hii mashine tuliinunua, mwanangu."

"Mlinunua chuma. Programu iliyomo mlipewa ruhusa ya kuitumia."

"Ukiniuzia ng'ombe, ukabaki na maziwa, umeniuzia nini?"

Dativa alikunja waya wake taratibu. "Baraza la Wanunuzi linasikiliza mashauri kesho. Lakini watakuuliza kama uliisoma leseni. Hakuna anayeisoma. Ina kurasa tisini na nne."

"Nipe."

Bi Mwajabu aliishia darasa la saba. Alisoma huku kidole kikitembea chini ya mstari, midomo ikicheza, na neno asilolijua alilirudia mpaka likalegea. Alianza baada ya adhuhuri. Akasimama kwa ajili ya sala na futari tu, akarudi. Kalunde alikaa karibu naye akimpepea.

"Shoga, mimi hata kurasa mbili zingenitoa damu puani."

"Wameandika wakijua hatutafika mwisho," Bi Mwajabu akajibu bila kuinua kichwa. "Basi nitafika."

Ukurasa wa sabini na moja aliusoma mara tatu. Akaukunja pembe, akaendelea mpaka wa tisini na nne, asije akaambiwa amebakiza.

Ukumbi wa Baraza ulikuwa na kiyoyozi na viti vya plastiki. Mwenyekiti, mama mtu mzima mwenye miwani, alimuuliza Dativa kwanza, na Dativa akajibu kwa niaba ya kampuni: leseni ni ya mtu mmoja, sauti ni arobaini na moja, mwenye leseni mwenyewe alishafariki miaka miwili nyuma.

"Na wewe, Bi Mwajabu, una nini?"

"Nina ukurasa wa sabini na moja." Akasoma polepole, ukumbi mzima ukimngoja. "'Makubaliano yaliyotamkwa siku ya uwezesho, kati ya mnunuzi na wakala wa kampuni, ndiyo makubaliano ya kwanza, nayo hayabadilishwi na sasisho lolote. Hutunzwa kwa sauti ndani ya mashine.'" Akavua miwani yake ya kusomea. "Naomba ifunguliwe hiyo sauti. Siijui inasema nini. Mume wangu hakuwa mtu wa kununua kitu bila kuuliza."

Mwenyekiti alimtazama Dativa. Dativa akaiunganisha shonanuru, iliyoletwa pale juu ya mkokoteni wa umeme.

Kwanza ilisikika sauti ya wakala. "Mzee, itamkie neno litakalokuwa ufunguo. Neno usiloweza kulisahau."

"Bismillahi."

Bi Mwajabu alizishika ncha za ushungi wake.

"Limeshika, mzee."

"Lakini hilo pale kwangu wanalisema wote, kijana. Mke wangu ana wenzake. Ramadhani huja kushona nguo za mayatima, kila mtu kwa mkono wake. Si itawafungukia wote?"

"Itawafungukia. Umenunua, ni yako. Washone tu."

"Haya. Basi ifunge vizuri isichubuke njiani. Mwajabu ataichunguza hiyo, utadhani anaposa."

Kikafuata kicheko kifupi chenye kikohozi ndani yake, na sauti ikakatika.

Karani wa Baraza aliyaandika maneno yale kwa kalamu, kwa sababu vinasa sauti vyote vilikataa. Sauti za uwezesho zimetiwa alama isiyosikika na sikio. Chombo chochote cha kunasa kikiigundua, hujizima. Hiyo nayo imo kwenye leseni, ukurasa wa arobaini.

Uamuzi haukuchukua muda. Mashine ni ya nyumba ya Kapaya, wanaoitumia kwa idhini ya nyumba hiyo si wavunjaji, majina ya watu yasiandikwe popote, na kampuni iifungue siku hiyo hiyo.

Walirudi mtaani alasiri, Dativa akiwa nao. Wanawake walishajipanga ukumbini. Mwezi ukiandama, Idi ilikuwa kesho kutwa, na nguo thelathini na nane ni kazi ya saa tatu kasoro, kama mashine haipumziki. Dativa alichuchumaa mbele ya shonanuru. Alifanya kazi yake, kisha akaacha.

"Mama, kuna jambo."

"Liseme."

"Mwenye leseni ni marehemu, na mashine ikishafungwa haifunguki tena kwa jina la marehemu. Inabidi uiwezeshe upya kwa sauti yako, na masharti uliyopewa na Baraza uyatamke mwenyewe. Lakini ndani yake mna nafasi ya sauti moja tu. Ya kwako ikiingia, ya kwake inafutika."

"Ihamishe kwanza."

"Haihamishiki." Dativa aliitazama mikono yake. "Sehemu hiyo niliiandika mimi, miaka kumi iliyopita. Sauti moja, isinakiliwe, isihamishwe. Nilidhani nawazuia wezi. Sikuwahi kuwaza ndani ya ile nafasi atakuwemo mtu."

Kalunde alisogea. "Hakuna njia nyingine kabisa?"

"Ipo. Kampuni ikilazimishwa inaweza kutengeneza chombo cha kuihamisha. Miezi miwili, pengine mitatu. Mashine ikae imefungwa mpaka hapo, na sauti itabaki."

"Basi tungoje, Mwajabu," Kalunde alisema kwa sauti ya chini. "Mwenyezi Mungu anaijua nia. Watoto watavaa za mwaka jana."

"Za mwaka jana zimewaishia magotini."

Bi Mwajabu alikaa kwenye kigoda. Miaka miwili alikuwa amemwombea mumewe kila baada ya sala, na katika miaka hiyo, bila kumwambia mtu, alikuwa ameanza kuisahau sauti yake: ilikuwa nzito kiasi gani, ilipandaje anapotania. Leo ilimrudia nzima, na kikohozi chake. Aliutazama ule mkono wa kanzu ulioishia nusu. Nje watoto wawili walikuwa wanachungulia dirishani, wakisukumana kimyakimya, kila mmoja akitaka kujua kama yake imeshatoka.

"Nikufungulie mara moja zaidi?" Dativa aliuliza. "Uisikilize kabla sijaanza. Chukua muda wako, mama, mimi sina haraka."

Bi Mwajabu aliinuka, akavuta kigoda mpaka mbele ya mashine, akakaa wima.

"Nimeshamsikia," alisema. "Watoto hawajavaa. Futa, mwanangu."