Klachi ya Lori la Maji

Kila siku kabla ya kwenda shule, Sithabile alipanda lori la maji pamoja na mama yake, MaNcube. Mama aliendesha, yeye alishuka, akashika mpira wa maji na kujaza mabirika ya kunyweshea ng'ombe. Kijiji chao, upande wa Plumtree kule Zimbabwe, hakikuwa kimeona mvua tangu mwaka uliopita. Bwawa la karibu lilikuwa limebaki tope lililopasukapasuka. Bila lori lile lililoleta maji kutoka mbali, hapakuwa na maji ya ng'ombe wala ya watu.

Kisha klachi ikafa. Lori lilinguruma, gia zikakataa kuingia, likakwama katikati ya njia. Mjomba Fanuel, fundi wa kijiji, alijisogeza chini ya lori, akatoka na uso uliojaa vumbi.

"Hii haina dawa, dada," alimwambia MaNcube. "Imelika yote. Mpya utaipata Francistown, ng'ambo ya mpaka. Hapa kwetu utazunguka mpaka viatu viishe."

Watu wakachanga. Aliyekuwa na mbuzi aliuza mbuzi, aliyekuwa na kuku alileta kuku. Punda walijaribu kuvuta maji kwa mikokoteni, lakini nao walianza kuanguka njiani. Ng'ombe walilala chini kutwa, mbavu nje. Sithabile alikuwa na mtamba mmoja mweupe, Mhlophe, aliyepewa na bibi yake. Asubuhi ya safari, mtamba huyo alishindwa kusimama mpaka alipoinuliwa.

"Nisubiri," Sithabile alimnong'oneza sikioni. "Tunarudi leo hii hii."

Francistown waliipata klachi mpya kabisa, ingali na grisi yake. Mama aliiweka risiti ndani ya blauzi. Sithabile, aliyekuwa na miaka kumi na miwili na mgongo wenye nguvu, aliifunga klachi kwa blanketi kama anayebeba mtoto. Ilikuwa nzito, lakini hakulalamika.

Walipofika mpakani, walikuta umati. Ilikuwa mwisho wa mwezi na nusu ya dunia ilikuwa ikirudi nyumbani siku hiyo. Foleni ya forodha ilitoka mlangoni, ikazunguka jengo, ikapotelea nyuma ya malori. Watu walikuwa wamekalia magodoro, majokofu na magurudumu.

"Kaa hapa kwenye benchi na mzigo," mama alisema. "Mimi nitasimama. Usiondoke."

"Mama, hatutafika leo."

"Tutafika tutakapofika. Mali ya watu hii, lazima ipite mlangoni."

Sithabile alikaa. Pembeni yake mzee mmoja alikuwa amesinzia na begi lake mapajani. Jua lilisogea, foleni haikusogea. Kila alipofumba macho alimwona Mhlophe akijaribu kuinuka, miguu ikimsaliti.

Mwanamke mnene mwenye furushi kichwani alimwinamia. "We binti, unalia nini?"

"Silii, mama."

"Hayo ni jasho la macho, siyo?" Mwanamke alicheka. "Mimi naitwa MaDube. Huyo mama yako ataota mvi kwenye foleni hiyo. Una nini hapo mgongoni?"

Sithabile alimweleza yote: lori, ng'ombe, klachi.

"Sasa nisikilize. Njia yangu mimi haina foleni. Kuna mahali waya wa mpaka umelala chini. Nipe, nikuvushie. Utanikuta kituo cha mabasi upande wa pili. Mama yako akifika dirishani, atasema hana kitu, atapita kama upepo."

Sithabile alitazama foleni. Mama yake alikuwa bado hata hajaufikia mlango. Akafungua blanketi.

MaDube alipotea nayo nyuma ya malori. Hazikupita dakika nyingi, gari la askari wa doria likatimua vumbi kuelekea upande ule ule wa waya. Sithabile alitaka kukimbia kwa mama, lakini angesema nini?

Jua lilikuwa limeinama mama alipomwita dirishani. Ofisa wa forodha, mwanamume mwembamba mwenye miwani, alikuwa ameshika risiti.

"Umefanya vizuri kueleza ulichobeba, mama. Naomba nikione."

"Sithabile, ilete."

Sithabile alisimama mikono mitupu. Blanketi lilining'inia. Neno likamtoka lenyewe: "Imeibwa."

"Imeibwa?" Mama alishika ukingo wa dirisha. "Imeibwa na nani? Wewe, watu wameuza mbuzi zao!"

"Nilisinzia kidogo..."

"Ulikaa na nani?" aliuliza ofisa.

Kabla hajajibu, mlinzi alikwishamshika bega yule mzee wa benchi. "Wewe ndiye uliyekaa naye! Fungua begi!"

"Mjukuu wangu, mimi nimelala tu," mzee alilalamika. Mlinzi alilifungua begi na kulimwaga chini. Ikatoka shati, sabuni, chupa ya dawa, na vijiatu vya mtoto mchanga vilivyofungwa kwa karatasi. Watu wakaanza kupiga kelele. "Mwizi! Mzee mzima hana haya!" Mzee alipiga magoti kuokota vile vijiatu.

Sithabile hakuweza tena.

"Mwacheni!" alipiga kelele. "Hakuiba! Niliitoa mimi. Nilimpa MaDube aivushe kwenye waya. Nimesema uongo."

Kelele zikazimika. Mama alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha alienda kupiga magoti kando ya mzee, wakaokota pamoja. Sithabile naye akapiga magoti. "Nisamehe, babu," alisema. Mzee alifunga begi lake, akaondoka.

Doria walimleta MaDube jioni, akiwa na furushi lake na klachi. Alipompita Sithabile alifyonya. "Umeniponza, we mtoto."

"Kitu kilichokamatwa kwenye waya hukaa kwetu," ofisa alimwambia MaNcube. "Lakini ulikitaja mwenyewe dirishani, na binti amesema kweli kabla hatujamkamata huyu. Nitamweleza mkuu wangu. Atakuja kesho asubuhi."

"Kesho?" mama aliuliza. "Baba, ng'ombe wetu wanakufa."

"Isingekuwa huko kwenye waya, mngeshaondoka nayo."

Walilala kwenye sakafu ya banda la abiria. Asubuhi mkuu alisikiliza, akawatoza ushuru na faini. Faini ilimaliza nauli yao, mama akabaki kuwaomba madereva mmoja baada ya mwingine, mpaka mmoja akawachukua juu ya mifuko ya saruji.

Kijiji kizima kilikuwa kando ya lori. Mjomba Fanuel aliipokea klachi bila salamu, akaingia chini na spana zake. Hakuna aliyehitaji kumwambia Sithabile. Ngozi nyeupe ilikuwa imeanikwa kwenye ua wa kwao. Mhlophe alikuwa amekufa alfajiri.

"Tuliwatarajia jana," alisema jirani yao, MaNyathi, macho mekundu. "Mimi nimepoteza ng'ombe wawili. Mlichelewa wapi?"

Mama alifungua mdomo. Sithabile akamtangulia.

"Ni mimi," alisema, na mbele ya wote akaeleza, kuanzia kwenye waya hadi kwenye vijiatu vya yule mzee. MaNyathi aligeuza uso, akaondoka zake.

Alasiri lori liliwaka, gia zikaingia. Mama na mwana walirudi na tangi limejaa, na ng'ombe waliobaki wakajikokota hadi kwenye mabirika. Sithabile alishika mpira, machozi yakimdondoka majini.

Mama akaja kusimama kando yake.

"Najua ulikuwa unawahi kumwokoa Mhlophe," alisema taratibu. "Hata mimi moyo ulikuwa unaniwaka pale kwenye foleni. Lakini uliikimbia njia halali, ikatugharimu usiku mzima. Kisha uongo wako ukataka kumfunga mtu asiye na kosa. Dhiki haigeuzi uongo ukawa kweli, mwanangu. Ukibanwa namna ile tena, njoo unililie mimi."

"Na MaNyathi?"

"Kesho utaanza kuwanyweshea wake waliobaki, kabla ya wetu. Usingoje akuombe."

Sithabile alitikisa kichwa kukubali, akauvuta mpira hadi birika lililofuata.