Hazichelewi Kama Wewe

Waya ulikuwa wa mwisho, nao walikuwa wawili. Katikati ya msongamano wa duka la vyombo vya muziki, dada mwenye gauni jekundu na kaka mwenye shati lisilojua pasi waliushika kila mtu upande wake.

"Kaka, achia. Nimeuona mimi kwanza."

"Macho hayanunui, dada."

Mwenye duka alipochoka na kelele, aliwauzia wote wawili, kila mtu akalipa nusu, akawafukuza. Dada alikuwa na ala zake zote ndani ya kompyuta. Kaka alikuwa na kinanda kizee cha umeme alichoachiwa na babake. Waya ule ndio uliofanya vyombo hivyo viende mwendo mmoja. Wakarekodi pamoja, wakapendana, na kugombana hawakuacha.

"Mpenzi, kinanda kinachelewa nyuma ya ngoma zangu."

"Ngoma zako zina kiherehere."

"Na kinanda kimemrithi mwenyewe kwa kuchelewa!"

Kinanda kikipata joto, sauti yake ilipanda ikaachana na ala za kompyuta, wakaanza upya. Mchana mmoja kaka alifika, amechelewa kama kawaida, akakuta kinanda kimefunikwa shuka. Dada alikuwa anabonyeza kibodi cha plastiki, na kwenye spika ilitoka sauti ya kinanda cha baba, na mngurumo wake wote.

"Umefanya nini?"

"Nimerekodi kila noti, moja moja. Sasa kimo ndani ya kompyuta. Hakipandi sauti, hakichelewi."

"Na mimi?"

"Wewe nimechoka kukusubiri."

Kaka aliumia kuliko kutukanwa. Kumbe hahitajiki.

"Umeshakamua, ng'ombe wa nini tena!"

Alibeba kinanda, akachomoa na waya, akaondoka.

Dada aliumaliza wimbo peke yake. Kila noti ilikaa mahali pake, naye akauchukia. Wiki ilipoisha alipiga simu.

"Hujambo, mwizi," kaka aliitika.

"Sikukupigia kuomba msamaha."

"Basi kata."

Hakuna aliyekata.

"Wimbo umekufa," dada alisema. "Nimejaribu kuzichelewesha noti mwenyewe. Hazichelewi kama wewe."

"Si ulichoka kunisubiri?"

"Nimechoka. Lakini kukaa bila wa kumsubiri kunanichosha zaidi. Nakupenda, na hasira bado ninayo."

"Ukigusa tena kinanda cha baba bila ruhusa..."

"Utafanya nini?"

"Nitakuoa, uone!"

Machozi yalikuwa yanamtoka dada, lakini sauti aliikaza.

"Njoo unioe basi. Na uje na waya wangu."

"Wako tangu lini?" kaka alifoka, kinanda kiko begani tayari, akitoka na kuufunga mlango kwa mguu.