Nyapara Alimsahau Generosa

Siku ya gulio Shinyanga mtu hukanyagwa mguu asijue amlaumu nani. Generosa aligeuka tayari kutukana, akakutana uso kwa uso na Donatus, nyapara wa kinu cha pamba, shati jeupe limenyooka kwa pasi, macho yakitafuta pa kujificha.

"Genero wangu! Kitenge hicho kimekukaa!"

"Wako tangu lini? Wako ungemwita getini."

Alikuwa na haki ya kununa. Kila msimu wa pamba ukifunguliwa, nyapara husimama getini na kuita kwanza wafanyakazi wa zamani. Generosa alikuwa na misimu minne kwenye mashine. Mwaka huo wa 1977 Donatus aliita wanaume watupu, hata wageni wasiojua kufunga robota, jina lake akaliruka. Kosa lake Generosa alilijua: alimtetea mfanyakazi mwenzake Ghati, aliyefukuzwa kwa kuwa mjamzito, tena mbele ya meneja.

"Meneja ndiye aliyekataza," Donatus alinong'ona. "Alisema, 'Mwanamke yule ana mdomo, asirudi.' Ningefanyaje, mpenzi?"

"Uyaseme hayo hayo Jumatatu, kwenye baraza la usuluhishi, nilikopeleka malalamiko yangu. Sina shahidi mwingine."

"Nitasema. Haki ya Mungu!"

Generosa alimpenda upya. Chumba chake cha kupanga kule Ngokolo, ambacho upweke ulikuwa umekijaa, alikifagia huku akiimba.

Jumatatu wajumbe walimuuliza Donatus kwa nini hakumwita mwanamke huyu. Meneja alikuwa ameketi mbele yake, amekunja nne. Donatus alikohoa.

"Nilimsahau, waheshimiwa. Watu walikuwa wengi."

Kesi ikafa palepale. Nje, Donatus alimkimbilia.

"Nisikilize, Genero. Ningefukuzwa, tungekula nini? Nikuoe basi! Nitakutunza, kazi ya nini tena?"

Generosa alimtazama. Bado alimpenda, na hilo lilimuuma kuliko kazi.

"Mbele za watu umenisahau, kichochoroni ndio unanikumbuka?"

"Mpenzi, niliogopa."

"Najua. Mimi pia niliogopa, na nilisema. Kaa salama, Donatus."

Kesho yake alipanda basi la Geita, aende akajaribu kupikia wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu. Konda aliuliza kama kiti cha pembeni kina mwenyewe. Generosa alichungulia nje, akatafuta shati jeupe kati ya watu wa stendi.

"Hakina," alisema, akampisha mgeni aketi. Ndipo alipolia.