Gauni la Madamu

Domitille alilala kitandani ndani ya gauni jeupe la harusi, na Inspekta Kasongo alisimama mlangoni kana kwamba anaogopa kumwamsha. Ukungu wa ziwa ulikuwa umeingia hadi chumbani, hapo Nyamianda, mtaa wa Uvira. Gauni lilimpwaya kifuani na kiunoni. Chini ya kitanda kulikuwa na mitungi miwili ya maji, yote mitupu.

Mwezi uliopita uhuru ulipopatikana, Wazungu walikimbia, na madamu mmoja akamwachia Domitille gauni hilo. Madamu alikuwa mwembamba. Domitille alikuwa mnene.

"Siku tatu anakunywa maji tu, anakojoa tu," alisema mama wa marehemu, Generose. "Na mudogo wake iko vile vile."

Chumba cha pili, Pétronille alikuwa anatetemeka, miguu imekakamaa, midomo imepasuka. Begani alikuwa na alama za sindano, sawa na za dada yake.

"Nani aliwachoma?" Kasongo alimuuliza mama.

"Dokta Norbert. Alisema hii njo dawa ya kukondesha."

Norbert alikuwa muuguzi wa zahanati. Daktari Mzungu alipokimbia, alimwachia funguo. Kasongo alimkuta huko huko zahanatini.

"Uliwachoma nini?"

"Vitamini."

"Vitamini haiue muntu."

"Labda moyo wake..."

"Norbert, mudogo wake angali anapumua. Minye nataka jina la dawa, atibiwe."

Norbert alienda kwenye kabati. Akalifungua, akatoa kichupa.

"Hii njo dawa ya wagonjwa waliovimba miguu. Daktari alikuwa akiwachoma, kesho wamepungua. Nilifikiri inatoa mafuta."

"Inatoa nini?"

"Maji. Maji na chumvi ya mwili. Nilisoma karatasi yake jana, Domitille alipozimia."

"Na weye ukanyamaza?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Miaka kumi na mbili waliniita boi. Mwezi huu Uvira nzima inaniita dokta. Nilishindwa kuwaambia sijue."

Kasongo mwenyewe alikuwa inspekta wa wiki tatu tu. Alimwelewa, na kumwelewa huko kukamzidishia hasira. Akamfunga pingu.

Mchana kutwa alikaa kando ya Pétronille, akimnywesha mchuzi wa ndagala, samaki wadogo wa ziwa, uliokolea chumvi. Jioni miguu ililegea, msichana akafumbua macho.

"Dada alililia sana gauni lile," alinong'ona. "Lilimtosha?"

"Lilimtosha," alisema Kasongo, akachota kijiko kingine.